Pembe Nne za Blanketi

Somo: Marko 2:1-12

Leo tunasema na wazazi na vijana wetu wa Minembwe, pamoja na ndugu zetu wa Fizi na Baraka, juu ya jambo ambalo limeleta maswali kanisani: teyatre ya vijana.

Wengine wametuuliza, “Mchungaji, kuigiza kunatoka wapi katika Neno?” Ni swali jema. Tusome Ezekieli 4. Mungu alimwagiza nabii achore mji wa Yerusalemu juu ya tofali, kisha alale ubavu wa kushoto siku 390 na wa kuume siku 40, watu wakimtazama. Katika Matendo 21, Agabo alichukua mshipi wa Paulo akajifunga mikono na miguu. Hawa hawakutafuta kuchekesha watu. Waliwaonyesha kwa macho neno ambalo masikio yalikuwa yamechoka kulisikia.

Hata mashirika yameona nguvu hiyo. Search for Common Ground, lililoanza kazi Kongo mwaka 2001, limetumia teyatre ya namna hii katika Kivu ya Kusini: waigizaji wanaonyesha ugomvi, kisha wanamwita mtazamaji aingie na kuonyesha njia nyingine. Je, kanisa lishindwe?

Basi vijana wetu walichagua habari ya yule mwenye kupooza. Siku ya kwanza kila mmoja alitaka kuwa Yesu. Hakuna aliyetaka kubeba. Na tunakiri kosa letu: sisi viongozi tuliwapa watoto wa wazee wa kanisa nafasi za mbele, na wengine tukawaambia wabebe. Walibeba kwa uchungu.

Mgonjwa alilala juu ya blanketi, na vijana wanne wakashika pembe. Wawili kati yao wanatoka katika jamii ambazo baba zao hawajala pamoja tangu vita. Mmoja alikimbia, mwingine akachelewa, na mrefu akainua kuliko wenzake. Mgonjwa akateleza, akaanguka chini, pu! Watu walicheka, kisha ugomvi ukaanza. “Ni wewe!” “Hapana, ni wewe!”

Ndipo yule aliyeanguka akasema, “Ninyi mnagombana, lakini anayeanguka ni mimi.”

Wapendwa, sisi wachungaji tulinyamaza. Lile neno lilituhubiri. Hapa kwetu ni nani analala juu ya blanketi? Ni mjane ambaye shamba lake halilimwi tena. Ni mtoto aliyekimbia kijiji chao akaacha masomo. Ni mgonjwa anayehitaji kubebwa kweli kwenye machela, saa nyingi kwa miguu, mpaka kwa daktari. Sisi tunaulizana nani alianza, nao wanaanguka.

Vijana wale walikaa chini wakasemezana. Mrefu alikubali kupiga magoti kidogo. Mwenye haraka alikubali kungojea. Walichagua mmoja wa kuhesabu hatua, naye hakuwa mtoto wa mzee yeyote. Siku ya posho iliyofuata walimfikisha mgonjwa bila kumwangusha.

Sasa turudi katika Marko 2, mstari wa 5. Wale wanne hawasemi neno hata moja katika habari hii. Hatujui majina yao. Lakini Biblia inasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani iliyoonekana ilikuwa ya watu wanne kwa pamoja, ikionekana katika mikono iliyoshika na paa lililotobolewa. Paulo anafundisha hivyo hivyo katika 1 Wakorintho 12: viungo tunavyoviona dhaifu ndivyo vya lazima.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wazazi, waruhusuni watoto waje kwenye mazoezi, wasichana na wavulana, nanyi njooni mtazame. Viongozi, msigawe nafasi kwa kuangalia jina la baba. Vijana, mkipewa pembe ya blanketi, msiidharau, na mjifunze kutembea kwa hatua ya mwenzako.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyeiona imani ya wale wanne, utufundishe kungojeana. Utupe mikono isiyoachilia. Wale wanaolala juu ya blanketi katika milima yetu, tusaidie kuwafikisha kwako. Amina.