Mtoto Akisema Amechoka

(Mazungumzo ya wahudumu wa zahanati na wazazi, siku ya kliniki)

Siku nyingine tunawaita hapa tuzungumze juu ya malaria, au vyoo, au maji ya kuchemsha. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo watu husema kwa kunong'ona. Tunazungumza juu ya vijana wanaojiua.

Tunaona wengine mmeinama. Jambo lenyewe ni zito. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua. Katika mwaka 2021, kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hii ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Na katika kila watu 10 wanaokufa hivyo, 7 wako katika nchi zisizo tajiri. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Kwanza tuseme kosa letu sisi wenyewe. Alikuja hapa msichana wa miaka 14 pamoja na shangazi yake. Tumbo linauma, kichwa kinauma. Tukampima malaria, hana. Tukampa vidonge vya maumivu, akaenda. Akarudi tena, vidonge tena. Mara ya tatu shangazi akasema, "Huyu hana lolote, anakwepa shule tu." Nasi tukacheka! Wiki mbili baadaye aliletwa usiku, amekunywa dawa ya shambani. Tulihangaika naye mpaka hospitali ya wilaya. Alipona. Alipopata nguvu tulimwuliza, mbona hukutuambia? Akajibu, "Hamkuniuliza. Na shangazi alikuwa amekaa pale pale."

Maneno hayo yametukaa rohoni. Tangu siku ile tumebadili kazi yetu. Kila mtoto wa miaka 12 na kuendelea akija hapa, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu, tunaomba aliyemleta asubiri nje kidogo. Mzazi, usikasirike. Hatusemi kwamba wewe ni mbaya. Ila kuna maneno mtoto hawezi kuyatoa mbele ya mama yake.

Akiwa peke yake tunamwuliza wazi wazi, bila kuzunguka. Je, siku hizi umewahi kutamani ufe? Unaona nyumbani wangekuwa nafuu kama wewe usingekuwepo? Unafikiri kujiua? Umewahi kujaribu? Haya si maswali tuliyoyaota. Kuanzia mwaka 2008, wataalamu huko Marekani walijaribu maswali mengi kwa vijana 524 katika hospitali tatu za watoto. Wakabakiza manne tu, yanayoulizwa kwa muda mfupi sana. Hayahitaji mashine wala umeme.

Mzee mmoja alituuliza, "Si mtakuwa mnamfundisha?" Swali zuri. Limechunguzwa mara nyingi, na jibu ni hapana. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo. Mwenye wazo tayari hupumua, maana amepata mtu wa kumtulia mzigo. Asiye nalo hujibu "hapana" na kwenda zake.

Je, akisema ndiyo? Hatumwachi peke yake hata dakika moja. Tunamwuliza kama anawaza hivyo sasa hivi. Halafu tunamwambia kwamba siri hii hatuwezi kuifungia kabatini, lazima mzazi ajue, na tutaisema pamoja naye. Kama hatari iko karibu, tunampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kama si hivyo, tunapanga naye siku ya kurudi, na asipokuja tunamfuata nyumbani.

Sasa upande wenu. Dawa za mashambani zinakaa wapi? Hebu semeni kweli! Chini ya kitanda, pembeni ya unga. Ziwekeni kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Dawa za hospitali pia. Wengine watasema mwenye nia hazuiliki. Kumbe sivyo. Kwa vijana wengi ile saa mbaya huja na kupita, na kama sumu haiko karibu, mtoto huishi. Huko Sri Lanka serikali ilipiga marufuku dawa za mashamba zilizokuwa kali mno, hasa mwaka 1995 na 1998, na nyingine baadaye. Vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Mwangalieni mtoto anayejitenga, asiyelala, anayegawa vitu vyake, anayesema "mtanikumbuka." Zaidi ya wote yule aliyekwisha kujaribu. Na wenye maradhi ya muda mrefu, kama kifafa na sikoseli, huchoka mno, nasi tunahesabu vidonge vyao bila kuhesabu machozi. Msimpige, jamani. Msimwite mwoga.

Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu kinachomhukumu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Kwetu hapa zahanati kazi ni kutibu tu. Mleteni upesi, hata kama ni usiku wa manane.

Yule msichana sasa ana miaka 16. Bado anakuja kila mwezi, na siku nyingine anakuja kusalimia tu. Shangazi yake yuko hapa kati yenu, naye pamoja na binti ndio waliotupa ruhusa kuyasimulia haya. Kufuli alinunua yeye wa kwanza.

Haya, ulizeni maswali. Anayetaka kuuliza faraghani, chumba cha pili kiko wazi mpaka saa kumi.