Kidonge cha Kula Kidogo?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu. Mwaka wa 1935 huko Marekani, Clive McCay na wenzake walionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula bila kukosa virutubisho waliishi zaidi. Leo wataalamu wanasaka dawa ya kuupa mwili faida hiyo huku mtu akila kama kawaida.

Iko rapamaisini, iliyotokana na udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Mwaka wa 2009 ilionekana kurefusha maisha ya panya, hata waliokwishazeeka. Lakini dawa hii hupunguza kinga ya mwili, ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo. Iko na metfomini, dawa ya ugonjwa wa sukari. Basi wewe kijana mzima, usiguse vidonge vya nyanya yako! Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kurefusha umri wa binadamu.

Saumu yetu ni ibada, si dawa. Lakini tujiulize: mchana tumejizuia, ikiadhiniwa Magharibi twalifanyaje sinia la viazi karai na kaimati? Qur'ani imetukataza israfu katika kula na kunywa. Hilo halitaki kidonge. Lataka uinuke mkekani kabla tumbo halijajaa, na sahani ya pili umpelekee jirani.

Wabillahi tawfiq.