Mtoto "Mzito" na Ngazi Tatu



Wazee wetu, kina mama na vijana wenzangu. Ramadhan ndio mwezi ilioshuka Qur'an, na amri ya kwanza aliyopewa Mtume (s.a.w.) ilikuwa ni kusoma. Basi tuulizane: watoto wetu wanasoma, ama wanakwenda shule tu?

Tangu Januari 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na sheria ya elimu ya 2013 yakataza mtoto kurudishwa darasa. Ni mambo mazuri. Lakini asiyejua kusoma naye husukumwa mbele na wenzake mpaka gredi ya sita, na huko huitwa mzito.

Wenzetu Marekani wana mpango wa ngazi tatu. Ya kwanza ni mafundisho mazuri kwa darasa zima, na watoto wote hupimwa mapema, haungojwi mtihani wa mwisho. Wanaobaki nyuma, hukisiwa 15 katika kila 100, huingia ngazi ya pili: kikundi kidogo, mara kadhaa kwa wiki, kisha hupimwa tena. Ambao bado hawajasogea, kama 5 hivi, hufundishwa karibu mmoja mmoja na kuchunguzwa shida yao ni nini.

Jamani, hili ni geni kwetu? Chuoni maalim humsikiliza kila mtoto peke yake. Asiyejua irabu hapelekwi Juzuu Amma, na mwanafunzi mkubwa humfundisha mdogo. Hatumwiti mjinga aliye kwenye alifu. Twajua hapo ndipo alipofika.

Vijana mliomaliza form four, kazi hii mwaiweza. Baada ya Laasiri kaeni na watoto watano watano. Kila mmoja asome kifungu kifupi cha Kiswahili. Anayekwama, anzeni naye kwenye silabi, hata akiwa gredi ya tano. Andikeni alipofika, na baada ya wiki mbili mpimeni tena.

Asiposogea, mzazi usikimbilie fimbo. Huenda haoni ubao, au hasikii vizuri. Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio, kisha uulize shuleni kituo cha serikali cha EARC kilicho karibu, ambacho kazi yake ni kuwapima watoto wenye shida za kujifunza.

Mola atutakabalie saumu zetu na awafungulie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum.