NANI ATAMCHORA SUSI?
(Hotuba kwa wanachama na vijana wa Ujiji)



Tumewaita tuzungumze habari ya picha. Wako watakaosema picha ni mchezo wa watoto wa shule. Basi twendeni pale penye miembe, hapa hapa Ujiji, katika makumbusho ya Livingstone. Mgeni akiingia aona sanamu za watu wawili wakiamkiana kwa kofia: Stanley na Livingstone, mwaka 1871. Hatuna ugomvi nazo. Lakini twauliza, siku ile nani alitoka kumlaki Stanley, kisha akakimbia kumwambia bwana wake? Ni Abdullah Susi. Stanley mwenyewe aliandika. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni Susi, na Chuma, na wenzao, waliokausha maiti na kuichukua mabegani mpaka Bagamoyo. Mtoto wetu aijua kofia ya Stanley. Uso wa Susi haujui. Wala tusisingizie kwamba sura yake imepotea: alipigwa picha Uingereza mwaka 1874.

Tazameni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, aliichora historia ya Kongo, picha kama mia moja, juu ya nguo za magunia ya unga, akazieleza kwa Kiswahili. Lumumba yumo, na viboko vya Wabelgiji vimo. Huyo hakuwa profesa.

Sisi nasi tunavyo vya kuchora. Soko la zamani la Ujiji lilitumia ushanga uitwao sofi kuwa fedha. Kuna taa za dagaa usiku. Kuna Liemba, meli waliyoizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924.

Na minyororo je? Wako wazee wasiopenda itajwe, kwa kuwa mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa leo huswali safu moja. Twawaheshimu wazee wetu. Lakini pembe za ndovu hazikujibeba, na ukuta wenye pembe bila minyororo utakuwa mwongo. Hapo hatukubali kulegea.

Ukuta wa ofisi ya tawi umekwisha pakwa chokaa. Mafundi wanaoandika majina ya mashua na vibao vya maduka wamekubali kazi. Rangi twachanga wenyewe. Wazee, hasa wale wasiotaka minyororo, twawaomba waje Jumapili baada ya adhuhuri, waseme nani asimame wapi, kabla brashi haijagusa ukuta.