Kuku wa Kideri na Shingo Ngumu: Makaripio ya Wahakka



Nilipotaja mada ya leo, mwenzangu mmoja aliniuliza kama mada za heshima zimekwisha. Nilimjibu kwamba ukitaka kujua watu wanaogopa nini, usiwaulize. Wasikilize wanapogombeza.

Watu wenyewe ni Wahakka, na jina lao maana yake ni "jamaa za wageni". Ni Wachina wa Han ambao mababu zao, wimbi baada ya wimbi, waliteremka kutoka kaskazini hadi kwenye milima ya Jiangxi, Fujian na Guangdong, wakakuta mabonde mazuri yana wenyewe. Wakatoka tena huko, wakavuka bahari kwenda Taiwan, Malaya, Jamaika, hata Morisi, hapa kwenye bahari yetu, ambako Wachina wengi wa kisiwa asili yao ni Wahakka wa Meixian.

Matusi ya nguoni wanayo, kama kila taifa, na kama ya kila taifa hayana jipya. Nayapita. Ninayoyataka ni makaripio ya uani, ya bibi ambaye mjukuu wake amepindua ndoo asubuhi na mapema. "Don miang!" anafoka. *Don* ni fupi, *miang* ni uhai. Kwa Kiswahili tungesema: "Mwenye umri mfupi we!"

Mgeni akilisikia anashtuka: bibi anamwombea mjukuu kifo? Ili kulielewa neno hili, ingia kwanza katika chumba cha mizimu. Kwa imani ya kale ya Wachina, marehemu huishi kwa ubani na chakula anachotengewa na watoto wake. Anayekufa mapema, kabla hajazaa, hana wa kumtengea. Hugeuka pepo mwenye njaa, akitangatanga njiani. Na walio juu yake, babu na baba wa babu, nao hupoteza mkono wa kuwalisha. Basi "umri mfupi" halimpigi mtoto peke yake, linapiga ukoo kwenda juu na kwenda chini. Ndiyo maana jirani yake katika uzito ni laana ya kukatikiwa na kizazi. Pale Xinpu, Taiwan, kuna hekalu la Yimin ambako kila mwaka, tarehe 20 ya mwezi wa saba wa Kichina, Wahakka huwatolea sadaka wapiganaji wao waliokufa katika uasi wa Lin Shuangwen, miaka ya 1787 na 1788. Umma mzima umejifanya uzao wa waliokufa vitani. Hofu iliyojenga hekalu hilo ndiyo iliyomo katika maneno mawili ya bibi.

Hata hivyo, neno hilohilo mama hulitamka akicheka, huku akimvuta mtoto sikio. Hapo ni la mapenzi. Wachina wa zamani walimwita mtoto wanayempenda kwa jina baya, "mbwa" kwa mfano, ili mapepo yamwone si kitu, yampite. Afrika Mashariki nako wapo waliopewa majina mabaya baada ya ndugu zao kufa, ili kifo kiwadharau. Lakini ruhusa hii ni ya mama na bibi. Likitoka kwa mtu baki, watu watashikana mashati.

Tutoke nje, twende bandani. *Fat vun* maana yake ni kupatwa na tauni, na kwanza ni neno la mifugo. Aliyefuga kuku hahitaji tafsiri. Amewahi kumwona jogoo wa kideri: amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, anasinzia jua likiwa utosini, na mwenye kuku anajua kwamba kesho banda zima litakuwa kimya. Sasa mtazame kijana anayezubaa huku wenzake wanavuna mpunga. Bibi amempatia jina tayari.

Makaripio mengine yana tarehe ndani yake. *Zam teu* ni "wa kukatwa kichwa", neno la enzi ya upanga wa mkata vichwa. *Da ba gui* ni "pepo la shabaha", yaani mtu wa kupigwa risasi hadharani, na hili haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko bunduki. Serikali ilibadilisha silaha, na kinywa cha bibi kikafuata. Wala hakuyaokota hewani. Hong Xiuquan, aliyeongoza uasi wa Taiping kuanzia 1850, alikuwa Mhakka. Na katika Guangdong, Wahakka na wenyeji waliuana kuanzia 1855 hadi 1867. Wako walioliandika jina la Wahakka kwa kulibandika alama ya mbwa.

Kwa mwanamke, karipio linalochoma ni *lan sii ma*, "maiti mvivu". Wanawake wa Kihakka hawakufunga miguu kama Wachina wengine. Wanaume walikwenda mbali kutafuta, na wao wakalima, wakabeba mizigo, wakashika nyumba. Penye kazi kiasi hicho, kuitwa mvivu ni kufukuzwa miongoni mwa walio hai.

Hapa naomba ruhusa ya kuwa mwanaisimu kwa dakika moja. Ile *ma* ya mwishoni ni ya majike ya wanyama: kuku, nguruwe. Ya madume wengi ni *gu*. Kumbandika mtu ni kumteremsha bandani. Lakini *ma* hiyohiyo imo katika ulimi, tangawizi na upawa, na hakuna aliyeutukana upawa. Sisi tunalijua jambo hili. Mtu akigeuka jitu ameshavunjiwa heshima, lakini jiko na jicho hayajalalamika.

Namalizia na *ngang giang*, "shingo ngumu". Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua karipio hili tangu jangwa la Sinai. Kwa Wahakka lilikuwa la mtoto asiyesikia. Kisha ikaja Taiwan ya Kimandarini, ambako mtoto aliyenaswa shuleni akisema lugha ya kwao alitozwa faini au alivishwa kibao shingoni. Waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa kibao. Tarehe 28 Desemba 1988, maelfu ya Wahakka waliandamana Taipei wakidai lugha yao. Mwaka 2003 walipata televisheni yao. Leo *ngang giang* ni sifa, na wanasiasa hutamba nayo majukwaani.

Nina shaka na kitu kimoja tu. Lugha inapookolewa darasani, huokolewa salamu, nyimbo na majina ya matunda. Karipio halimo mtaalani, nalo ndilo lililohifadhi upanga, kideri na njaa ya wafu. Wanafunzi wangu, mkienda likizo, kila mmoja aniletee karipio moja la bibi yake. Andikeni nani aliambiwa, alikuwa amefanya nini, na bibi alishika nini mkononi. Ya nguoni yaacheni hukohuko.