Mizizi Nayo Huvuta Hewa
Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Rwamgasa kuhusu mboga za ndooni



Nimesimama mbele yenu kuzungumzia mboga zinazooteshwa bila udongo, ndani ya ndoo ya maji yenye virutubisho. Kuchanganya virutubisho sitakugusa. Hiyo ni kazi ya Afisa Kilimo wetu, na anaijua kuliko mimi. Nitashika jambo moja tu, ambalo huangamiza mboga hizo mapema kuliko wadudu: maji kukosa hewa.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tuhangaike na ndoo ilhali ardhi ipo? Wakazi wa hapa mnalijua jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamgasa ilichaguliwa kuwa mojawapo ya vituo vya mradi wa kimataifa wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Wataalamu waliopima udongo waliikuta zebaki katika maeneo ya makazi na hata katika bustani za mboga zilizofikiwa na marudio ya uchenjuaji. Kwa mama ambaye uwanja wake umepakana na mwalo, ndoo chache za mchicha na chainizi barazani si mchezo wa watu wa mjini. Ni njia ya kupata mboga ambayo mizizi yake haijagusa udongo ule.

Mimi mwenyewe nilianza kwa aibu. Nilijaza ndoo ya lita 20 hadi ukingoni, nikapanda chainizi, nikaiweka juani nikidhani jua halina madhara. Siku ya tisa majani yalilegea. Nikasema zina kiu, nikaongeza maji. Kumbe nilikuwa nazidi kuzizamisha. Nilipoinua kifuniko nilikuta mizizi ya rangi ya hudhurungi, inateleza kama bamia iliyopikwa, na harufu yake ni ya mtaro. Mizizi yenye afya ni myeupe na haina harufu mbaya.

Wachimbaji mtanielewa upesi zaidi. Hakuna anayeshuka kwenye duara refu bila kujiuliza hewa itafikaje chini. Mzizi nao uko katika duara lake. Unavuta oksijeni ili upate nguvu ya kunyonya maji na chumvi. Ukiikosa, unashindwa kunyonya, na mmea unanyauka huku umesimama majini. Kisha huingia vijidudu vya kuozesha, ambavyo hustawi pale mzizi ulipodhoofika.

Sasa, maji hubeba hewa kidogo mno. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za sentigredi hushika takriban miligramu 9 za oksijeni; yakifika nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu. Nasi hatuko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria peke yake uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na kwa mwinuko wa namna hii hupungua karibu sehemu moja ya nane ya kiasi hicho. Joto nalo lina hila mbili kwa wakati mmoja: linayafanya maji yapoteze oksijeni, na linaufanya mzizi uitake zaidi. Ndiyo maana ndoo iliyopendeza asubuhi huweza kuharibika kwa jua la saa nane.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama: ondoa ndoo juani. Mmea upate mwanga, lakini chombo kikae kivulini, au kifungwe gunia lililoloweshwa, au kipakwe chokaa nyeupe kwa nje. Kifuniko kisipitishe mwanga, maana mwanga ukiingia maji huota ukijani. Nacho kibane vizuri, tusije tukafuga mbu wa malaria kwa jina la kilimo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji umeme. Mtaalamu Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliieneza, nayo ni hii: usiijaze ndoo tena. Mwanzoni maji yaguse sehemu ya chini ya mzizi. Mmea unapokunywa, maji hushuka, na kati ya kifuniko na maji hubaki nafasi. Mizizi iliyo katika nafasi hiyo huvuta hewa yenyewe, na lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji. Kosa letu sote ni huruma: tunaona maji yamepungua, tunajaza hadi juu, tunaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo, na nafasi ile ibaki.

Mwenye umeme au sola anaweza kutumia pampu ndogo ya hewa, ile ya matangi ya samaki wa mapambo. Iwekwe juu zaidi ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mrija hadi ndani ya mashine. Na kwa kuwa umeme hukatika, hata mwenye pampu aache ile nafasi ya hewa. Asiye na pampu achote maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, mara kadhaa kwa siku, hasa mchana. Maji yaliyochemshwa yana uhitaji mkubwa zaidi wa jambo hili. Yamefukuza hewa yake, na ndiyo sababu mojawapo ladha yake huwa imepooza. Yapoe kwanza, kisha yamiminwe ndoo hadi ndoo.

Nimeulizwa kuhusu samadi. Shambani ni rafiki. Ndani ya ndoo iliyotulia ni mwizi. Bakteria wanaoivunjavunja hutumia oksijeni ileile inayosubiriwa na mizizi.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Hewa haisafishi zebaki wala sayanidi. Maji ya mwaloni, ya kwenye maduara yaliyoachwa au yaliyotuama kando ya marudio yasitumike, hata yakichemshwa, hata yakipigwa pampu mchana kutwa. Vilevile pipa lililowahi kubeba kemikali za uchenjuaji halioshwi likawa salama. Tununue ndoo mpya au tutumie iliyokuwa ya chakula.

Nimekuja na ndoo mbili, ziko pale chini ya mwembe. Moja nimeijaza hadi juu kwa makusudi, nyingine nimeiachia nafasi. Anayetaka kuifunua na kunusa asogee sasa, kabla jua halijapanda.