Kuku Ana Mlango Mmoja wa Nyuma: Tuukague Mapema

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vikundi vya wafugaji wa kuku wa kienyeji)



Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari: kuchukua yale wataalamu wanayoyajua na kuyaleta kwenu kwa lugha ya kila siku. Leo nimeleta jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu, yaani tundu la nyuma la kuku. Vitabuni huitwa kloaka. Tukiendelea kulionea haya, tutaendelea kupoteza kuku. Nanyi mnajua kuku ni nini hapa Ukambani. Mvua ikikosekana na mahindi yakikauka shambani, kuku ndiye anayeuzwa ili mtoto apate vitabu na mgonjwa apate nauli ya kwenda hospitali.

Mbuzi jike ana njia ya kinyesi, na chini yake njia nyingine ya mkojo na uzazi. Kuku ana mlango mmoja tu. Kinyesi hupitia hapo, mkojo hupitia hapo, yai hupitia hapo, na jogoo akimpanda, mbegu huingilia hapo hapo. Jogoo mwenyewe ana tundu kama hilo. Hugusanisha lake na la jike kwa sekunde chache, basi. Mbegu hizo hukaa hai ndani ya jike kwa siku nyingi, hata wiki mbili. Ndiyo maana kuku anaweza kutaga mayai ya kuanguliwa hata baada ya jogoo kuuzwa.

Kuku si peke yake. Ndege wote wako hivyo, pamoja na mijusi, nyoka, kobe na vyura. Wala msidhani ni umbo duni. Ile sehemu nyeupe mnayoiona juu ya kinyesi cha kuku ndiyo mkojo wake. Hutoka ukiwa mzito kama uji ili mwili usipoteze maji mengi. Katika nchi kavu kama hii yetu, hiyo ni akiba kubwa.

Sasa kuna swali ambalo akina mama huuliza: ikiwa mlango ni mmoja, yai si linatoka na uchafu? Jibu ni kwamba kuku anapotaga, mwisho wa mrija wa mayai hujikunjua na kuchungulia nje, yai likapita bila kusuguana na kinyesi. Yai jipya pia huwa na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Basi uchafu mwingi tunaouona kwenye mayai umetoka kwenye kiota. Badilisheni nyasi za kiota mara kwa mara na kusanyeni mayai kila siku. Msiyaoshe mayai ya kuweka, kwa sababu maji huondoa ule utando na kuingiza vijidudu ndani. Lenye uchafu kidogo lipanguseni kwa kitambaa kikavu. Na kwa kuwa vijidudu vingine huingia yai likiwa bado tumboni mwa kuku, mayai ya watoto na ya wajawazito yaive kabisa.

Jambo la pili ni kumjua kuku anayetaga. Wengi wetu tumezoea kumwingiza kuku kidole ili tujue kama ana yai. Hilo linaweza kumjeruhi, kuvunja yai ndani na kuhamisha ugonjwa kutoka kuku mmoja hadi mwingine. Iko njia salama. Mgeuze kuku, utazame tundu lake. La anayetaga ni pana na lina unyevu. La asiyetaga ni dogo, la mviringo na limekauka. Kisha pimeni kwa vidole, kutoka nje, nafasi kati ya mifupa miwili iliyo pande zote mbili za tundu. Vidole viwili au vitatu vikienea, huyo anataga. Kikienea kimoja tu, huyo hatagi kwa wakati huo. Kabla ya kuamua yupi auzwe na yupi abaki, anzeni na kipimo hicho. Kisha nawi mikono kwa sabuni.

Tatu, vifaranga. Kifaranga akikaukiwa na kinyesi nyuma, mlango huziba na anaweza kufa. Lainisha kwa maji ya vuguvugu, toa polepole bila kung'oa manyoya, mkaushe, umrudishe kwenye joto. Kuku mkubwa naye akitokwa na nyama nyuma, mtenge upesi kabla wenzake hawajaanza kumdonoa, kisha umwite afisa wa mifugo.

Hapo hapo, juu ya kloaka ya kifaranga, kuna kifuko kidogo kiitwacho bursa. Ndicho darasa ambamo chembe za kinga za kuku hukomaa. Ugonjwa wa Gumboro, uliopewa jina la mahali huko Delaware, Marekani, ulikotambuliwa mwaka wa 1962, hushambulia kifuko hicho, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Anayepona hubaki na kinga dhaifu, na hata chanjo nyingine huenda zisimshike vizuri. Kwa hiyo chanjo ya Gumboro isingoje.

La mwisho ndilo zito. Kinyesi ni barua inayotoka ndani ya kuku. Chenye damu, hasa kwa vifaranga, huashiria koksidiosisi. Cha kijani kibichi, kuku akiwa ameinamisha kichwa na kuhema kwa shida, kinaweza kuwa Newcastle. Newcastle haina tiba, na virusi vyake hutoka kwa kinyesi na makamasi. Ukimkimbiza kuku mgonjwa sokoni ili usipate hasara, umempelekea mwenzako msiba, na viatu vyako vitaurudisha nyumbani. Aliyekufa achomwe au azikwe kwa kina, asitupiwe mbwa.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa kuku mzima asiye mgonjwa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Shida yetu ni kwamba chupa moja ni ya kuku wengi na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku saba huona hasara, akaacha. Basi nyumba kumi ziungane, zichague siku moja, zichangie chupa moja na kumwita afisa wa mifugo wa wadi. Kijiji kikichanja siku moja, ugonjwa hukosa pa kuanzia.

Kabla hamjatoka hapa leo, kila kikundi kiandike tarehe yake ya chanjo na kumwachia afisa wetu aliyeketi pale mezani. Na kesho asubuhi, mkifungua banda, mtazameni kuku nyuma kabla ya kumtupia mtama.